Kula Sushi Mtaani Japani: Shiba Bila Kuumiza Mfuko

Umefika Japani kwa masomo, kwa mafunzo ya kazi, au umekuja kutafuta magari ya kupeleka Dar es Salaam na Mombasa. Unatamani kuonja sushi, lakini picha ulizoziona zimekutisha: kaunta ya mbao, viti vinane, mpishi asiyecheka, na bili ya makumi ya maelfu ya yen. Sushi hiyo ipo, lakini ni ya sherehe na ya wenye nazo. Familia ya kawaida ya Kijapani hula sushi yake mtaani, karibu na kituo cha treni au kando ya barabara kuu penye maegesho, na sahani moja ya bei ya chini haifiki yen 200.

Mwongozo huu unakupeleka huko. Shika kanuni moja tu: ijue bei kabla hujanyoosha mkono. Mahali pengine kanuni hiyo ni rahisi kuifuata, mahali pengine ni ngumu, na ndiyo itakayokuonyesha uanzie wapi.

Kwa nini bei iko chini, na kwa nini usiogope

Mgeni akiambiwa samaki mbichi wa bei nafuu, hufikiria samaki aliyelala. Sababu za unafuu ni nyingine.

Ya kwanza ni mkanda. Mwaka 1958, Yoshiaki Shiraishi alifungua mkahawa huko Higashi-Osaka ambamo sahani za sushi zilizunguka juu ya mkanda mbele ya wateja. Wazo alilipata kiwandani, alipoona chupa za bia zikisafirishwa kwa mkanda. Wahudumu wachache wakaweza kulisha watu wengi, na bei ikashuka. Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 1970 yaliitangaza mikahawa hiyo nchi nzima. Wajapani huiita *kaiten-zushi*, yaani sushi ya kuzunguka.

Ya pili ni mashine. Tangu miaka ya 1980 kuna mashine za kufinyanga matonge ya wali, kwa hiyo mkahawa mkubwa haulazimiki kuajiri mabingwa waliosomea kazi hiyo kwa miaka mingi.

Ya tatu ni ugandishaji. Jodari anayevuliwa mbali, akiwemo wa Bahari ya Hindi, hugandishwa melini kwa baridi inayofika nyuzi 60 chini ya sifuri. Baridi kali namna hiyo hulinda rangi na ladha yake. Kampuni hununua shehena kubwa kwa mkupuo, na wewe unafaidi unafuu huo.

Chagua pa kuanzia

1. Mkahawa wa mkanda. Bei imeonyeshwa kwa rangi ya sahani au kwenye kishikwambi cha mezani. Hapa hufichwi kitu. Mgeni aanzie hapa. Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni Sushiro, Kura Sushi na Hama-zushi.
2. Duka dogo la mtaani lenye kaunta. Mwenye duka ndiye mpishi. Mchana huuza seti kwa bei iliyotajwa; usiku bei yaweza kupanda. Nenda ukishazoea.
3. Sushi ya kubeba ya supamaketi. Jioni, karibu na muda wa kufunga, hubandikwa karatasi za punguzo, wakati mwingine hadi nusu bei. Inafaa mwisho wa mwezi. Uile siku hiyohiyo.

Kabla ya kutoka nyumbani

☐ Chagua saa. Jumamosi na Jumapili kuanzia saa 6 mchana, na jioni saa 12 hadi saa 2 usiku, foleni ni ndefu. Siku za kazi kati ya saa 8 na saa 11 jioni ni shwari.

☐ Angalia tawi. Kampuni moja yaweza kutoza bei ya juu katikati ya Tokyo na bei ya chini pembeni mwa mji kwa sahani ileile.

☐ Beba noti. Mikahawa mikubwa hupokea kadi. Maduka madogo mengine hayapokei.

☐ Usijipulizie manukato makali wala udi mwingi siku hiyo. Harufu ya mgeni huharibu mlo wa jirani, hasa kwenye kaunta.

☐ Weka programu ya kutafsiri kwa kamera kwenye simu. Vishikwambi vingi vina Kiingereza, lakini matangazo ya ukutani huwa ya Kijapani tu.

Kutoka mlangoni hadi kwenye malipo

1. Chukua namba. Mlangoni kuna mashine. Bonyeza idadi ya watu, kisha chagua meza au kaunta. Ukiwa peke yako, kaunta hupatikana haraka. Tunza karatasi ya namba na uangalie skrini. Usijiendee mezani kabla hujaitwa.

2. Jua kilichopo mezani. Utakuta vikombe, kopo la unga wa chai ya kijani, vijiti, sosi ya soya na tangawizi ya kuloweka kwenye siki. Vyote hivyo havina malipo. Wasabi (kiungo kikali cha kijani) huwa kwenye vipakiti, kwa sababu siku hizi mikahawa mingi huleta sushi isiyo na wasabi ndani.

3. Tengeneza chai. Tia unga kidogo kikombeni, weka kikombe chini ya bomba lililo mezani, sukuma kitufe. *Onyo: maji hayo ni ya moto mno. Bomba hilo si la kunawia. Wageni huunguza vidole hapo, kwa hiyo kaa wewe upande wa bomba, mtoto akae mbali.*

4. Agiza kwa kishikwambi. Gusa picha, chagua idadi, thibitisha. Hapo ndipo unapoona bei. Anza na sahani mbili tatu. Chakula huja baada ya dakika chache, na kuagiza mara nyingi si aibu.

5. Pokea kilicho chako. Agizo huja kwa njia yake ya kasi, pengine juu ya kigari chenye umbo la treni. Kishikwambi hulia kukujulisha. Kwenye baadhi ya mikahawa agizo la mtu mwingine hupita mbele yako likiwa juu ya kibao au bakuli la rangi. Hilo usiliguse.

6. Panga sahani tupu. Ziweke mezani kwa mrundo, rangi na rangi yake. Kura Sushi kuna tundu la kutumbukizia sahani, na kila zikifika tano watoto hupata mchezo wa bahati nasibu kwenye skrini. Bili hutokana na sahani, kwa hiyo usizihamishie meza ya jirani hata kwa utani.

7. Lipa. Bonyeza kitufe cha malipo kwenye kishikwambi. Mhudumu atakuja kuhesabu, au mashine itahesabu yenyewe. Chukua namba ya meza uende nayo kwenye mashine ya malipo karibu na mlango. Usiache bakshishi, mhudumu atakukimbilia nje akidhani umesahau chenji.

> KISANDUKU: SAHANI ZA MWANZO
>
> Anza na vilivyopikwa, kisha uingie vibichi taratibu.
>
> • *Tamago*: yai la kukaanga lenye utamu kidogo. Halina ubichi.
> • *Ebi*: kamba wa kuchemshwa. (*Nama ebi* ni kamba mbichi, soma vizuri.)
> • *Tako*: pweza, ambaye mara nyingi huchemshwa kwanza. Mtu wa pwani hatamshangaa.
> • *Kappa maki*: tango ndani ya wali uliofungwa kwa mwani.
> • *Samon*: samoni, mnofu laini wenye mafuta. Norwei ndiyo iliyoishawishi Japani kumla akiwa mbichi, kuanzia miaka ya 1980.
> • *Maguro*: jodari, mnofu mwekundu. Ndicho kipimo cha mkahawa: akiwa na majimaji na ladha ya chuma, usirudi hapo.
> • *Ika*: ngisi mbichi. Hutafunwa kwa muda.
> • *Saba*: vibua waliokolezwa siki. Ladha ni kali; waachie zamu ya mwisho.

> KISANDUKU: FANYA HESABU MAPEMA
>
> Sahani moja kwa kawaida huwa na matonge mawili; za ghali huwa na tonge moja. Mtu mzima mwenye njaa ya wastani hushiba kwa sahani 7 hadi 10. Huu ni mfano:
>
> Sahani 6 × yen 130 = yen 780
> Sahani 2 × yen 190 = yen 380
> Supu ya miso = yen 220
> Jumla = yen 1,380
>
> Tangu Aprili 2021 sheria inataka bei ionyeshwe pamoja na kodi. Ukiona namba mbili, ile kubwa ndiyo utakayolipa. Kodi ya kulia ndani ni asilimia 10. Ya kubeba ni asilimia 8.

Namna ya kula

Sushi ya tonge ilianza kama chakula cha vibandani katika mji wa Edo, Tokyo ya leo, mwanzoni mwa karne ya 19. Watu walikula wamesimama, kwa mkono, wakaendelea na safari zao. Kwa hiyo kama vijiti vinakusumbua, nawa au futa mikono kwa kitambaa cha maji, ule kwa vidole. Aliyekua akila wali kwa mkono ana nafuu hapa, ila tonge hili usilifinyange upya.

1. Shika tonge kwa ubavu. Lilaze kidogo.
2. Chovya upande wa samaki kwenye sosi, usichovye wali. Wali hunyonya sosi kama sifongo, kisha tonge humeguka na kinywa kikajaa chumvi.
3. Tia kinywani tonge zima. Likikushinda, omba wali mdogo: *shari sukuname*.
4. Tafuna kipande cha tangawizi kabla ya kwenda kwa samaki mwingine. Kazi yake ni kusafisha ulimi. Usiirundike juu ya tonge.
5. Wasabi ipake kidogo sana juu ya samaki. Hupanda puani kuliko pilipili yetu, lakini hutoweka haraka. Ikikupanda, vuta pumzi taratibu na unywe chai.

Kuhusu vijiti: usivisimike wima kwenye wali, wala usimpe mwenzako chakula kutoka kijiti hadi kijiti. Yote mawili ni mambo ya msibani. Hata kwenye mkahawa wa bei ndogo watu watageuka kukutazama.

Dini, afya na mzio: soma kabla hujaagiza

Kwa Mwislamu. Samaki pekee hana tatizo, ila shughuli iko kwenye viungo. *Mirin* na *sake* ni vileo vinavyotumika kwenye michuzi, hasa ile mitamu inayopakwa juu ya mkunga (*unagi* na *anago*), na mara nyingine kwenye yai. Baadhi ya sosi za soya na siki za wali zina kiasi kidogo cha pombe. Rameni (tambi za supu) yaweza kuwa na supu ya nguruwe. Pia kuna matonge ya nyama na kuku wa kukaanga, ambao hujui walivyochinjwa. Njia ya kujilinda ni kubaki kwenye samaki asiyepakwa kitu. Kama hukumu ya siki inakutatiza, muulize mwanachuoni unayemwamini kabla ya safari.

Kwa Ithnaasheri na kwa Msabato anayefuata Mambo ya Walawi. Jodari na samoni wanaruhusiwa; pweza, ngisi na mkunga hawaruhusiwi. Kamba ni halali kwa Ithnaasheri, si kwa Msabato huyo.

Kwa asiyekula samaki. Tango na *natto* (soya iliyochachushwa) vipo. Angalia *inari* (wali ndani ya kifuko cha tofu ya kukaanga), supu ya miso na yai: mara nyingi vina mchuzi wa samaki.

Mzio. Mikahawa mikubwa ina orodha ya vyakula vyenye vizio kwenye kishikwambi au tovuti. Kumbuka sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Kisu na ubao wa jikoni ni vya wote, kwa hiyo mwenye mzio mkali wa kamba au kaa asijaribu bahati.

Mjamzito, mtoto mdogo, mwenye kinga dhaifu. Waepuke vibichi. Yai, kamba wa kuchemshwa na mkunga vinawatosha. Mjamzito apunguze pia jodari wakubwa kwa sababu ya zebaki.

Kisukari na presha. Wali wa sushi hutiwa sukari na chumvi pamoja na siki. Sosi nayo ni chumvi tupu. Mimina kidogo kwenye kisahani, na uhesabu wali wote uliokula.

> ONYO: USIIGE NYUMBANI
>
> Samaki wa baharini huweza kubeba mnyoo mdogo aitwaye *anisakis*, ambaye huleta maumivu makali ya tumbo. Siki, wasabi na sosi havimuui. Huuawa kwa kupikwa, au kwa kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa zisizopungua 24, na baridi hiyo ifike hadi katikati ya mnofu. Barafu ya kupozea samaki sokoni siyo ugandishaji. Ukirudi nyumbani, usichukue vibua wa soko la Feri, Dar es Salaam, au wa soko la Malindi, Unguja, ukawakata na kuwala wabichi kwa kuwa "Wajapani wanakula".

Makosa ya kawaida

✗ Kurudisha sahani kwenye mkanda. Ukishaigusa ni yako, hata kama umegundua ni kitu usichokila.

✗ Kugusa au kuchezea vyombo vya pamoja. Mapema mwaka 2023 video za vijana wakilamba chupa za sosi na kugusa sushi za wengine zilizua ghadhabu nchini. Ndiyo maana mikahawa mingi sasa huleta maagizo tu bila kuzungusha sahani ovyo. Utani huo unaweza kukufikisha polisi.

✗ Kuanza na rameni, chipsi na soda. Vitu vya pembeni ndivyo vinavyopandisha bili. Shiba sushi kwanza, kisha uamue.

✗ Kudhani bei ni ya zamani. Video nyingi zinataja yen 100 kwa sahani. Sushiro, kwa mfano, ilipandisha bei yake ya chini kutoka yen 110 hadi 120 mnamo Oktoba 2022, na bei zimeendelea kupanda. Amini sahani iliyo mbele yako.

✗ Kufunga mabaki. Mikahawa mingi hairuhusu kubeba kilichobaki mezani kwa sababu ya usalama wa chakula. Agiza kidogo kidogo, maliza.

✗ Kugeuza meza baraza. Foleni ikiwa mlangoni, maliza, lipa, mkaendelee na maongezi nje. Matawi mengine huweka kikomo cha muda.

Ukishazoea: kaunta ya mtaani

Baada ya kujua unapenda nini, ingia duka dogo. Ukiona kitambaa kimetundikwa mlangoni, wamefungua. Nenda mchana, kwa sababu wengi huuza seti ya matonge manane hadi kumi pamoja na supu, na mara nyingi unaweza kuipata kwa yen 1,000 hadi 1,500.

1. Soma bei nje. Kama hakuna bei popote, pita zako.
2. Agiza seti ya daraja la chini, *nami*. Juu yake kuna *jo*, kisha *tokujo*. Samaki wa *nami* ni wazuri. Tofauti iko kwenye aina za gharama kama mayai ya samaki na minofu ya mafuta.
3. Jihadhari na maandishi 時価. Maana yake ni bei ya siku, na haikuandikwa. Uliza kwanza, au acha.
4. *Omakase* ni kumwachia mpishi achague. Ukisema hivyo, na bei umemwachia. Ngoja siku ya kusherehekea.
5. Mpishi akikuwekea tonge mbele yako, lile hapo hapo. Mwani hulegea na wali hupoa ukianza kupiga picha kumi.

Maneno ya kubeba

| Sema | Maana |
|---|---|
| *Hitori desu / Futari desu* | Niko peke yangu / Tuko wawili |
| *Sumimasen* | Samahani (kumwita mhudumu) |
| *Wasabi nuki de* | Bila wasabi |
| *Kore wa ikura desu ka?* | Hii ni bei gani? |
| *Butaniku wa haitte imasu ka?* | Ina nyama ya nguruwe ndani? |
| *Okaikei onegaishimasu* | Naomba bili |
| *Gochisosama deshita* | Asante kwa chakula (unapotoka) |

Panga ziara tatu za kwanza

Ya kwanza: mkahawa wa mkanda, siku ya kazi saa 9 alasiri, sahani sita, vilivyopikwa na samaki wawili wabichi. Ya pili: mkahawa uleule, lakini jaribu aina nne usizozijua, kila moja sahani moja tu, na uandike jina la uliyoipenda. Ya tatu: seti ya mchana kwenye kaunta ya mtaani kwako, ukiwa na orodha hiyo na yen 2,000 mfukoni. Chenji itakayobaki ni nauli yako ya kurudi.